Kuvisha Pete Ndege Wahamao Kisiwani Helgoland: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyepitia somo la historia hakosi kulikumbuka jina la Helgoland. Kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 1 Julai 1890, Uingereza iliwaachia Wajerumani kisiwa hicho kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na Ujerumani nayo ikakubali kuwa Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Darasani habari ya kisiwa huishia hapo, lakini kwa watu wa ndege ndipo inapoanza, kwa kuwa mwaka 1910 Hugo Weigold alianzisha huko kituo cha kuchunguza ndege wahamao, Vogelwarte Helgoland, ambacho hadi leo kinawanasa, kuwavisha mguuni pete yenye namba na kuwaachia. Miongoni mwa wanaopita hapo yumo Oenanthe oenanthe, ndege wa gramu 25 hivi mwenye kiuno cheupe, ambaye spishi yake huonekana pia kwenye nyika za Kenya na Tanzania inapofika Desemba.

Mwongozo huu unamlenga anayejiandaa kwenda kujitolea katika kituo cha kisiwani cha namna hiyo. Hautamfanya kuwa mvishaji. Nchini Ujerumani mtu haruhusiwi kumnasa ndege wa porini pasipo kibali, na kibali hutanguliwa na mafunzo chini ya mvishaji mzoefu, kwa sababu kazi hii hukaa mikononi zaidi kuliko kichwani. Kitakachosaidia kwa kusoma kabla ya safari ni kujua mpangilio wa kazi na sababu ya kila hatua, ili utakapoambiwa "subiri" au "mwachie sasa hivi" usipoteze muda kuuliza.

Kabla ya alfajiri: soma hali ya hewa

Helgoland iko zaidi ya kilomita 40 kutoka pwani ya bara, na kisiwa kikuu kina ukubwa wa takriban kilomita moja ya mraba tu. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Usiku ukiwa mwangavu na upepo ukiwa mgongoni mwao, hupita juu kwa juu, na asubuhi bustani ya kunasia huwa kimya hata mtu akadhani msimu umekwisha. Mambo hubadilika pale wanapokuwa tayari juu ya bahari, kisha mvua au ukungu ukawafunika na upepo ukawageukia: hapo kipande chochote cha nchi kavu huwa ni wokovu, na wageni wanaweza kujaa kila kichaka kabla jua halijatoka. Kwa hiyo tazama ramani ya upepo jioni, uitazame tena kabla ya kulala, na uhesabu mifuko ya kubebea ndege usiku huo huo. Asubuhi ya Oktoba yenye ndege wa jamii ya mkesha kwa mamia, akiwemo yule ambaye Wajerumani humwita Amsel na ambaye dume lake ni jeusi, si wakati wa kutafuta mifuko.

Jambo hili halihitaji bahari ili litokee. Huko Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, wavishaji wamekuwa wakifanya kazi tangu mwaka 1969 kwa kutegemea hali inayofanana nayo: usiku usio na mwezi, ukungu uliotanda mlimani na taa za hoteli, vitu ambavyo kwa pamoja huwashusha ndege waliotoka Ulaya na Asia mwezi Novemba na Desemba. Aliyeuona ukungu wa Ngulia hana haja ya kuelezwa sana ukungu wa Helgoland.

Misimu ya kazi ni miwili. Wa masika ya kule huanza Machi hadi mwanzoni mwa Juni, na wa vuli huanza Agosti hadi Novemba, huu wa pili ukiwa na ndege wengi wachanga wanaosafiri kwa mara ya kwanza.

Mtego wa Helgoland

Mtu wa pwani akiutazama mtego huu atafikiria dema kubwa lililopandishwa nchi kavu. Una mdomo mpana ulio wazi, kuta na paa za wavu wa waya zinazokaribiana kadiri unavyoingia ndani, kisha kona, na mwishoni sanduku lenye kioo. Chini yake hupandwa vichaka, na karibu yake huwekwa maji, vitu viwili ambavyo ni adimu mno kwenye kisiwa kilicho wazi kwa upepo. Asili yake ni jikoni: wenyeji wa zamani walikuwa wakisimamisha matawi na nyavu ili kunasa ndege wa kitoweo, na watafiti wakaichukua akili ile ile, wakaiendeleza, wakabadilisha tu kinachofuata baada ya ndege kunaswa. Mitego ya mfano huu imejengwa katika visiwa vingine vingi, na popote ilipo huitwa kwa jina la Helgoland.

Kufukuza ndege waingie mtegoni ni kazi rahisi kuieleza na rahisi zaidi kuiharibu. Kwanza hakikisha kwamba sanduku la mwisho ni tupu, kioo ni kisafi na mlango wake unafunga sawasawa. Kisha anza kutoka upande wa mdomo, mkiwa wawili au watatu mliotengana, mtembee polepole mkigusa vichaka kwa fimbo na kupiga makofi machache. Ndege hutangulia kichaka kwa kichaka. Mkiharakisha, atageuka na kupita juu ya vichwa vyenu. Mkichelewa sana, atajificha chini ya majani na kuwaacha mpite. Mkifika kwenye kona ndipo mwendo uongezwe, kwa sababu kona humzuia asiuone mwisho mpaka akiwa ameshaingia sehemu nyembamba, na kutoka hapo huruka kuelekea mwanga wa kioo na kuangukia sandukuni. Funga mlango mara moja.

Fungua sanduku kupitia tundu la mkono lenye kitambaa na utazame kwanza waliomo. Akiwemo kipanga pamoja na ndege wadogo, yeye ndiye wa kutolewa kwanza, bila mjadala. Baada yake watolewe walio wadogo kabisa, kama yule mwenye utepe wa dhahabu utosini ambaye hana uzito wa zaidi ya gramu 5 au 6, na wakubwa wafuate. Kila ndege aingie katika mfuko wake wa pamba, mfuko uliokauka, na mifuko itundikwe; isiwekwe chini wala mezani ambako mtu anaweza kuikalia.

Hapa pana jambo ambalo mgeni huliona kuwa ni utunzaji wa bustani tu. Vichaka vya bustani ya kunasia hukatwa ili vibaki na kimo kile kile mwaka hadi mwaka, na ufukuzaji hufuata utaratibu ule ule. Vikiachwa virefuke, idadi ya ndege wanaonaswa itabadilika kwa sababu ya vichaka, na hakuna atakayeweza kusema kama ndege wenyewe wamebadilika. Ni kwa uvumilivu huo, uliodumishwa tangu mwaka 1960, kwamba Ommo Hüppop na Kathrin Hüppop waliweza kuonyesha mwaka 2003 kuwa spishi nyingi zinapita Helgoland mapema zaidi katika masika kuliko zamani, na kwamba badiliko hilo linahusiana na hali ya hewa. Ukipewa mkasi wa kukatia matawi badala ya pete, usinune.

Wavu mwembamba

Mahali pasipo na mtego, na katika vituo vingi duniani, hutumika wavu wa nyuzi nyembamba nyeusi, ambao asili yake ni Japani. Hufungwa kati ya nguzo mbili mbele ya kichaka cheusi, ukiwa na mifuko iliyolegea inayopishana kwa urefu. Ndege asiyeuona huugonga na kudondokea mfukoni. Usiufungue upepo ukiwa mkali wala mvua ikiwa inanyesha. Uzungukie kila baada ya dakika 20 hadi 30, na mara nyingi zaidi kukiwa na baridi au jua kali. Kumtoa ndege, tafuta kwanza upande alioingilia, kwa kuwa ndio upande atakaotokea. Wavishaji wengi huanza na miguu, kisha bawa moja, kichwa, na bawa la pili. Usivute uzi wowote usiojua unakokwenda. Ikiwa dakika chache zimepita na fundo halifunguki, mwite mwenzako mwenye uzoefu. Mkasi mdogo wa kukata uzi mmoja uwepo mfukoni daima, kwa sababu wavu hununuliwa tena.

Kumshika

Mgongo wa ndege uingie kiganjani mwako, shingo yake ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, na vidole vilivyobaki vifunike mabawa pasipo kubana. Shingo haibanwi, vidole viwili vinaizuia tu isirudi nyuma. Ndege hana kiwambo cha moyo kinachomsaidia kuvuta pumzi kama sisi, bali hupumua kwa kupanua na kukunja kifua, hivyo anayemkaba kifua humziba pumzi hata kama pua iko wazi. Anayeanza huogopa kumvunja mguu, ilhali hatari iliyo karibu zaidi ni kiganja kilichokaza kwa woga.

Jifunze dalili za kuchoka: mdomo ulioachama, macho yanayofumba, manyoya yaliyofura, mwili unaolegea. Ukiona mojawapo, hesabu ya vipimo imekwisha. Mwachie, au kama amelowa na kupoa, mweke ndani ya kisanduku chenye giza na joto la kiasi hadi apate nguvu.

Pete

Mwalimu wa Kidenmaki Hans Christian Cornelius Mortensen alijaribu mwaka 1890, mwaka ule ule wa mkataba, kuwavisha ndege pete za zinki, akaona ni nzito mno. Mwaka 1899, mjini Viborg, alifanikiwa kwa pete za alumini zenye namba na anwani, na tangu hapo kanuni haijabadilika sana: pete iwe nyepesi, isomeke, na imwonyeshe anayeiokota mahali pa kuandikia.

Ukubwa wa pete hutegemea spishi, si makisio ya jicho. Ndege mdogo kama yule aitwaye Fitis kwa Kijerumani, mwenye gramu 9 hivi, huhitaji pete yenye upana wa ndani wa milimita 2 hivi, na Amsel huhitaji milimita 4 na ushei. Ndege wa baharini wanaoatamia kwenye genge la mawe mekundu la kisiwa hicho hawavishwi alumini laini, kwa kuwa chumvi na miamba huisaga. Pete zao ni za chuma kigumu zaidi, na nyingine hutengenezwa kwa umbo la pembetatu ili zikae vizuri kwenye mguu unaosuguana na jiwe.

Itambue spishi kwanza, kisha toa pete inayofuata kwenye mfululizo wake, usiruke namba. Iweke katika tundu la koleo linalolingana nayo, na uifunge kwenye sehemu ya mguu isiyo na manyoya, kati ya kiungo cha kati na vidole. Bana mara moja mpaka ncha zikaribiane, zungusha koleo kwa robo ya mzunguko, ubane tena ili ncha zikutane bila mwanya na bila kupandana. Jaribu: pete iteleze juu na chini na izunguke bila kukwaruza. Mwanya hushika uzi na nyasi, nao unaweza kumnasa ndege mwezi mzima baadaye, mahali ambapo hakuna wa kumsaidia. Ncha zikipandana, usijaribu kuirekebisha kwa ukucha. Mkabidhi msimamizi, ambaye ana kifaa cha kuifungua bila kuugusa mfupa.

Pete huvishwa kabla ya vipimo vingine vyote. Sababu yake ni kwamba ndege akiponyoka baada ya kuvishwa, bado tunajua ni nani, wapi na lini. Akiponyoka baada ya kupimwa pasipo pete, tumemsumbua bure.

Namba isomwe kwa sauti, tarakimu moja moja, na mwandishi airudie kabla ya kuiandika. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma 6 mahali pa 9 nikiwa nimeshika pete kichwa chini, chini ya taa hafifu, na ukurasa mzima wa asubuhi ile ukapishana na mfululizo wa pete hadi tulipoketi mchana kulinganisha. Soma tena namba baada ya pete kufungwa mguuni, si kabla tu.

Ukikuta ndege ana pete tayari, usimwongezee nyingine. Soma kila herufi na kila namba, pamoja na jina la kituo, hasa pete ikiwa ya nchi nyingine. Ndege aliyenaswa tena baada ya siku mbili ana thamani kubwa, kwa kuwa uzito wake wa leo ukilinganishwa na wa juzi unaonyesha kama kisiwa kimempa chakula au kimemchosha.

Umri, bawa, mafuta na uzito

Vituo vya Ulaya hutumia namba za pamoja zilizowekwa na EURING, mtandao wao ulioanzishwa mwaka 1963, na namba hizo huwapotosha wageni kwa sababu hazihesabu miaka. Namba 3 ni ndege aliyeanguliwa mwaka huu wa kalenda. 4 ni aliyeanguliwa kabla ya mwaka huu, bila kujua lini. 5 ni wa mwaka jana. 6 ni wa kabla ya mwaka jana. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari kila 3 hugeuka 5. Asiyejulikana umri huandikwa 2, na kuandika 2 si aibu. Aibu ni kuandika 3 kwa kubahatisha.

Umri husomwa hasa kwenye manyoya. Amsel dume wa mwaka wa kwanza, kwa mfano, hubadilisha baadhi tu ya manyoya yanayofunika bawa, hivyo yale ya ndani huwa meusi mapya na yale ya nje hubaki ya kahawia, na mpaka kati yao huonekana wazi ukilikunjua bawa mbele ya mwanga wa dirisha. Taa ya manjano huuficha mpaka huo. Hapa pananoga, na hapa pia ndipo watu hujisahau na kumkalia ndege mmoja dakika tano wakibishana. Mabishano yaendelee kwenye picha, ndege akiwa ameshakwenda.

Bawa hupimwa likiwa limekunjwa, kiungo chake cha mbele kikigusa kizuizi cha rula, manyoya yakilazwa na kunyooshwa. Mafuta hutazamwa kwa kupuliza taratibu manyoya ya kifuani na tumboni: ngozi ni angavu, na mafuta huonekana ya manjano, hasa kwenye kishimo kilicho chini ya koo. Hupewa alama kuanzia 0 hadi 8, na msuli wa kifua kuanzia 0 hadi 3. Mwisho ndege huingizwa kichwa mbele ndani ya kikopo chembamba juu ya mizani, na uzito huandikwa pamoja na saa, kwa kuwa ndege wa jioni aliyekula mchana kutwa halingani na yeye mwenyewe wa alfajiri.

Vipimo hivi vinaonekana vya kuchosha mpaka vikutane na swali. Katika masika, Oenanthe oenanthe wanaotua Helgoland ni wa makundi mawili: wanaoelekea Skandinavia, ambao wamebakiwa na safari fupi ya bahari, na wenye mabawa marefu zaidi wanaoelekea Iceland na Greenland, ambao lazima wavuke Atlantiki. Bawa hutenganisha wengi wao, na mafuta hueleza lililobaki, kwa sababu wa Greenland hujiwekea akiba kubwa zaidi. Franz Bairlein, aliyeiongoza taasisi ya kituo hiki kwa miaka mingi, alichapisha na wenzake mwaka 2012 habari za ndege wa spishi hiyo waliozaliana Alaska: vifaa vidogo vya kurekodi mwanga walivyobebeshwa vilionyesha kwamba walikwenda kukaa Afrika Mashariki, mwendo wa kilomita 14,500 hivi kwa safari moja.

Kumwachia, na mikono yako

Mwachie karibu na ardhi au kwenye kiganja kilicho wazi, mbali na mdomo wa mtego na mbali na paka, akiwa anakitazama kichaka. Usimrushe hewani. Jioni isisubiriwe: anayesafiri usiku anahitaji muda wa kula na kujipanga kabla giza halijaingia.

Mikono ioshwe kila baada ya mzunguko, na mifuko ifuliwe, kwa maana ndege hubeba kupe na vijidudu. Mafua ya ndege yaliwaua ndege wa baharini kisiwani hapo mwaka 2022, hivyo ndege mgonjwa au mfu haokotwi kwa mkono mtupu wala kuletwa kwenye chumba cha kuvishia, msimamizi aambiwe.

Daftari na pete iliyookotwa

Siku haijaisha mpaka idadi ya pete zilizotoka kwenye mfululizo ilingane na idadi ya mistari daftarini. Pete iliyoharibika iandikwe kuwa imeharibika, isitupwe kimya kimya. Andika pia mizunguko ya kufukuza iliyofanyika na ile iliyoachwa kwa sababu ya mvua, kwani asubuhi isiyo na ndege na asubuhi isiyofanyiwa kazi zisionekane sawa atakapozisoma mtu baada ya miaka 30.

Na huku kwetu, ukiokota ndege mfu mwenye pete shambani au ufukweni, andika namba yote pamoja na maneno yaliyochorwa, tarehe, mahali palipo karibu, na hali ya ndege ulivyomkuta. Piga picha ya pete kila upande. Kisha tuma taarifa kwa EURING kupitia intaneti, au kwa makumbusho ya taifa yaliyo karibu nawe. Akiwa hai na ana nguvu, namba isomwe kwa darubini au picha, pete ibaki mguuni, na ndege aende zake.